Nimepasuliwa ngiri, kukaa ndani kunanishinda. Mliopitia, mlirudi lini uwanjani?

Beki Mstaafu:
Wakuu, habari za jioni.

Niende kwenye mada. Nimefanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena, upande wa kulia. Nilichomwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo nilikuwa macho muda wote, nawasikia wanabishana habari za Simba na Yanga huku miguu yangu sijui iko wapi. Nikalala wodini usiku mmoja, kesho yake nikaruhusiwa na mfuko wa dawa, ED (cheti cha daktari cha kupumzika kazi), na karatasi yenye mstari mmoja: "Apumzike, asinyanyue vitu vizito." Kizito ni kipi? Kupumzika mpaka lini? Hakuna aliyesema, foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu.

Sasa niko wiki ya pili. Maumivu yamepungua, naoga mwenyewe, nafika dukani na kurudi. Tatizo ni akili. Jumamosi asubuhi mimi ni maveterani, beki wa kati. Jumapili ni jogingi na wana wa mtaa hapa Temeke, fulana sare, nyimbo njia nzima, mwisho supu. Jumapili iliyopita wamepita mbele ya nyumba makusudi wakaimba jina langu. Mke wangu alisimama mlangoni kama kipa anayesubiri penalti.

Naombeni uzoefu. Lini kutembea kwa kasi, lini kukimbia, lini mpira wenyewe? Wale wa "pumzika tu mkuu" mpite kimya, hilo nimeshaambiwa na mtaa mzima.

Kijiwe Nongwa:
Pole mkuu. Naweka kambi hapa. Na mimi kuna kitu kinatokeza kinenani nikikohoa, nikilala kinarudi ndani. Tumeshazoeana.

Mama Pacha:
Pole sana shem. Ila huyo mkeo mpe heshima yake. Wanaume mkishonwa mnakuwa watoto siku tatu, ya nne mnataka kupanda ukuta.

Nesi wa Zamu:
Pole kaka. Nipo wodi ya upasuaji, kwa hiyo hili naliona kila wiki. Nijibu kwa urefu kidogo.

Ngiri ni tundu kwenye ukuta wa tumbo, na utumbo au mafuta ya ndani yanajipenyeza hapo. Daktari anachofanya ni kurudisha kilichotoka na kuziba. Kuziba kuna namna mbili. Kuna kushona misuli yenyewe kwa uzi, na kuna kuweka meshi, kiwavu chembamba kinachoshonewa pale palipo dhaifu, halafu nyama inaota na kukishika. Hilo ndilo swali la kwanza unalotakiwa kujua jibu lake, maana ratiba ya kurudi mazoezini inategemea hapo. Limeandikwa kwenye karatasi yako ya kuruhusiwa, au rudi kliniki uulize.

La pili. Wagonjwa wengi hawanisumbui wiki ya kwanza, kwa sababu kidonda kinawafundisha adabu chenyewe. Wanaonisumbua ni wa wiki ya pili na ya tatu, kama wewe. Ngozi imeshika, nyuzi zimetoka au zimeyeyuka, panadol huhitaji tena, unajiona mzima. Lakini kidonda cha wiki tatu bado hakijafikisha hata theluthi ya nguvu ya ngozi ambayo haijaguswa. Kinapanda polepole, miezi mitatu hivi ndipo kinafika asilimia 80, na hapo ndipo kinapoishia. Maumivu yanaondoka mapema kuliko udhaifu.

La tatu, kupumzika siyo kulala. Ukilala kitandani kutwa damu inatuama miguuni na inaweza kuganda, mapafu hayajazi hewa vizuri, tumbo linafunga. Tembea ndani ya nyumba, zunguka uani, mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kumbatia mto ukandamize pale penye kidonda. Ukitoka kitandani usinyanyuke kwa tumbo: geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono.

Na choo, kaka. Hapa ndipo watu wanaharibu bila kugusa mpira. Kujikamua chooni kunasukuma pale pale paliposhonwa. Maji ya kutosha, papai, mchicha, uji wa dona. Kama ulipewa tramado, zile dawa kali za maumivu, ujue zinafunga choo, ukiweza kubaki na panadol baki nazo. Choo cha kuchuchumaa kama kinakuumiza, toboa kiti cha plastiki ukiweke juu yake.

Kijiwe Nongwa:
Kiti cha plastiki nimekiandika kwenye daftari.

Msukuma wa Leicester:
Mkuu usiogopeshwe. Mimi nilifanyiwa huku Uingereza, niliingia asubuhi jioni niko nyumbani kwangu. Waliniambia nitembee siku hiyo hiyo, na baada ya wiki mbili nilikuwa naendesha gari na nimerudi kazini, kazi ya ofisini lakini. Mwongozo wa kimataifa wa ngiri wa 2018 unasema mtu arudie shughuli zake za kawaida mara anapojisikia vizuri, hakuna haja ya kumfunga kamba. Bongo mnalaza watu sana.

Nesi wa Zamu:
Kaka wa Leicester, unachosema ni kweli na sikupingi. Lakini kwako waliweka meshi, nina uhakika wa asilimia tisini na kitu. Meshi inabeba mzigo tangu siku ya kwanza. Huku kwetu wengi bado wanashonwa kwa uzi peke yake kwa sababu ya gharama, na hapo msuli ndio unavutana na msuli mpaka upone. Hata huko kwenu wanaambiwa kuendesha gari na kazi nyepesi ndani ya wiki mbili, ila vitu vizito na mazoezi ya nguvu wasubiri wiki 4 mpaka 6. Hapo tunaongea lugha moja.

Mzee wa Gazeti:
Habari za meshi zimenikumbusha jambo. Majirani zetu wa Uganda, upande wa mashariki, walifanyiwa utafiti wanaume 302 wenye ngiri. Nusu wakawekewa meshi ya kiwandani, nusu nyingine meshi ya bei nafuu iliyokatwa kwenye kitambaa cha chandarua na kutakaswa kitaalamu. Matokeo yalichapishwa 2016. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilimrudia mtu mmoja tu, upande wa chandarua, na upande wa kiwandani hakuna. Yaani tofauti ndogo isiyo na maana, kwa gharama ndogo sana.

Kijiwe Nongwa:
Shikamoo mzee. Kwa hiyo nibebe changu cha kitandani?

Mzee wa Gazeti:
Marahaba. Chako acha kizuie mbu.

Baharia wa Tanga:
Mimi yangu haikuwa ngiri, ilikuwa busha, ila mapumziko ni ndugu moja. Nilikatazwa kuingia baharini mpaka kidonda kifunge kabisa. Mtu wa mshipi na ngalawa unaambiwa usiguse maji ya chumvi, unatazama tu machweo. Nikahamia kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, barazani na wazee kuanzia adhuhuri mpaka magharibi. Raha kweli kweli, isipokuwa daktari aliponiona kliniki aliniuliza mbona miguu imevimba. Kukaa kutwa nako si kupumzika. Kila ukimaliza mchezo inuka, zunguka, rudi. Wazee watakusema unakimbia kufungwa, waache.

Jingine kwa Waislamu wenzangu: sali umekaa kwenye kiti wala usione haya, mgonjwa ana ruhusa hiyo. Mimi nilikazania rukuu na sijida kwa sababu ya macho ya watu msikitini, mpaka imamu mwenyewe akanivutia kiti.

Mama Pacha:
Wacha na mimi niseme upande wa wanawake, maana uzi umejaa mabeki.

Mimi nilitolewa uvimbe kwenye kizazi. Nilichanwa chini ya kitovu, palepale wanapochana wa kisu cha uzazi. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye timu ya netiboli ya kina mama, kila Alhamisi jioni. Nikaambiwa wiki sita. Sawa. Sasa mwanaume akiambiwa apumzike, anapumzika na kulalamika uwanja. Mwanamke akiambiwa apumzike, nani anachota maji? Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, hiyo ni kizito hata kama umeizoea kichwani tangu utoto. Nyumbani kwangu nilinunua vidumu vya lita tatu, mtu akaona nimechanganyikiwa. Ufagio wa chelewa wa kuinama nikauficha, nikanunua wa mti mrefu.

Na wageni! Hili hakuna daktari anayekuandikia kwenye karatasi. Wanakuja kukujulia hali saa nane mchana na machungwa na soda, unatakiwa ukae wima, ucheke, uwasindikize getini. Kila mmoja ana habari ya mtu wake aliyeshonwa kama wewe akafa. Ilifika mahali dada yangu akawa anapokea mlangoni: "Amelala, mwachieni salamu." Nilikuwa silali, nilikuwa natembea uani nikihesabu mizunguko. Ndiyo ikawa mechi yangu.

Alhamisi nilienda kukaa benchi na kuandika magoli. Wengine walinicheka. Lakini niliporudi uwanjani sikuwa mgeni, nilikuwa najua hata nani kagombana na nani.

Beki Mstaafu:
Dada, hilo la benchi umenigusa. Shem wako hapa nyuma anasoma na anasema "mwambie tena".

Majibu kwa Nesi: karatasi nimeitafuta, mwandiko wa daktari ni kama umepigwa na umeme ila nimesoma neno meshi. Asante Mungu.

Sasa nina maswali mawili. Korodani upande wa kulia ilivimba na kugeuka rangi ya zambarau siku za mwanzo, sasa imepungua. Ni sawa? Na pale juu ya mshono ngozi imekufa ganzi, nikigusa ni kama namgusa mtu mwingine.

Nesi wa Zamu:
Yote mawili ni kawaida. Damu kidogo inateremka kutoka kwenye upasuaji inakwenda kukaa chini, ndiyo hiyo rangi. Vaa chupi ya kubana, inasaidia. Ganzi ya ngozi inaweza kukaa miezi, kuna mishipa midogo ya fahamu inayoguswa wakati wa kuchana.

Yasiyo ya kawaida, yasome polepole: homa, mshono unaozidi kuwa mwekundu na moto au kutoa usaha, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, mkojo kugoma, kutapika na tumbo kujaa huku hutoi choo wala hewa, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata. Lolote kati ya hayo usije kuuliza humu, nenda hospitali usiku huo huo. Na waliochomwa ganzi ya mgongoni, kichwa kikiuma sana ukikaa au kusimama na kikitulia ukilala, nalo rudi ukaseme, lina matibabu yake.

Antibaotiki za kununua dukani "kukausha kidonda" hapana. Diklofenaki ya maumivu kwa mwenye vidonda vya tumbo hapana.

Swali la Kijana:
Nauliza kwa niaba ya rafiki. Tendo la ndoa?

Nesi wa Zamu:
Rafiki aambiwe: pasipouma na pasipovimba, wiki mbili tatu hivi wengi wanaweza. Asijipe kazi ya kubeba mtu.

Fundi Viungo:
Nafanya fiziotherapia, nichangie ya uwanjani sasa maana ndiyo mleta uzi aliyouliza.

Kutembea ulishaanza, kwa hiyo ongeza umbali kabla ya kasi. Ukifikia nusu saa kwenye tambarare bila kuvuta kinenani wakati ule wala jioni yake, ndipo uongeze mwendo, halafu utafute kilima. Jioni yake nasisitiza. Watu wanapima wakiwa njiani, mwili bado wa moto, wanasema safi, usiku wanashikilia ukuta. Kinachokupa jibu ni namna unavyoamka kesho.

Jogingi nyepesi kwa mwenye meshi aliyepona vizuri, kuanzia kama wiki ya nne, akiwa ameonwa kliniki. Kabla ya hapo jipime nyumbani: kohoa kwa nguvu, simama mguu mmoja, ruka papo kwa papo mara chache. Kikivuta, bado. Kule kujikunja sakafuni kuimarisha tumbo kuache kwanza, hakuna mtu aliyefukuzwa timu ya maveterani kwa kitambi.

Mpira ni kitu kingine kabisa, na hapa ndipo mabeki hamnielewi. Kukimbia ni mwendo mmoja wa mbele. Mpira ni kugeuka ghafla, kunyoosha mguu kuokoa, kuruka kichwa, kugongwa na mshambuliaji wa kilo tisini. Kupiga shuti refu kunavuta kinena kuliko unavyodhani. Kwa hiyo wiki ya sita na kuendelea, uanze na pasi, kisha mashuti mafupi, kisha mazoezi na wenzako bila kugusana, mechi mwisho kabisa. Ukianza na mechi ya watani wa mtaa wa pili umejitakia.

Mzee wa Gazeti:
Mkumbukeni Ronaldo wa Brazil. Alipasuliwa goti Novemba 1999 akiwa Inter. Tarehe 12 Aprili 2000, fainali ya Kombe la Italia na Lazio, akaingia kipindi cha pili, akacheza dakika chache tu, akaenda kumpiga chenga beki, goti likakatika bila hata kuguswa. Alikaa nje zaidi ya mwaka. Aliporudi safari ile akachukua Kombe la Dunia 2002 na magoli 8.

Msukuma wa Leicester:
Mzee, goti na ngiri wapi na wapi.

Mzee wa Gazeti:
Ni kweli, kiungo tofauti. Haraka ni ile ile.

Beki Mstaafu:
Mzee umenimaliza na hiyo, mechi ile niliiona.

Kuna jambo sikuwaambia. Mimi kazi yangu ni stoo ya vipuri Kariakoo. Bosi ameanza kupiga simu. Anasema nije nikae tu, nisibebe. Namjua. Nikishafika, giaboksi haitajibeba.

Fundi Viungo:
Sasa hapo ndipo penye mjadala wote. Umeleta uzi kuulizia mpira, kumbe giaboksi ndiyo adui. Jumamosi unacheza dakika chache na unaweza kuomba kutoka. Stoo huombi kutoka. Kama ni kuchagua kimoja cha kuchelewesha, chelewesha stoo.

Kalamu ya Utumishi:
Mkuu, kama una mkataba usiogope simu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara. Sharti ni cheti cha daktari. Kwa hiyo ED yako ikikaribia kuisha na hujapona, rudi kliniki kabla haijaisha, siyo baada. Na ombeni daktari aandike "kazi nyepesi, asinyanyue zaidi ya kilo fulani" kwa maandishi. Bosi anabishana na mtu, na namba hawezi.

Mama Pacha:
Kalamu umeongea. Hili wangeandika kwenye ile karatasi ya mstari mmoja.

Beki Mstaafu:
Mrejesho wakuu. Leo nimeenda kliniki na maswali yenu nimeyaandika kwenye daftari la mtoto, daktari akacheka ila akajibu yote. Ni meshi kweli. Kidonda kiko vizuri. ED imeongezwa, na ameandika nisinyanyue zaidi ya kilo tano kwa sasa, na nikirudi kazini nianze na kazi ya kukaa. Jogingi amesema nimwone tena kwanza. Mpira, maneno yale yale ya Fundi Viungo kama vile mmepanga. Nilienda kwa bajaji na matuta ya njiani bado nayahisi, kwa hiyo sibishi.

Jumamosi naenda uwanjani kama kamisaa. Filimbi nimenyimwa, mke anasema mwamuzi naye anakimbia. Nimepewa saa, daftari, na kiti. Wachezaji wameshaanza kuniomba niongeze dakika.

Baharia wa Tanga:
Kamisaa, inuka kila mapumziko.

Kijiwe Nongwa:
Wakuu, na mimi nimepata tarehe. Jumatatu ijayo. Nilipoona watu wanaulizana kuhusu kukimbia nikaona aibu, mimi hata kukohoa nashika kinena. Nesi, nijiandae vipi?

Nesi wa Zamu:
Hongera, umefanya jambo. Na kabla ya siku hiyo, kikitokeza kikagoma kurudi, kikauma na ukatapika, usisubiri Jumatatu, hiyo ni dharura.

Vinginevyo: sigara acha leo, kikohozi cha wavutaji ndicho kinachofumua nyuzi. Dawa zote unazotumia zitaje, za kienyeji pia. Kula na kunywa acha saa watakazokupa wao. Njoo na mtu wa kukurudisha, na asije na bodaboda. Na usijinyoe mwenyewe huko chini, michubuko ya wembe inakaribisha wadudu. Kama kuna haja ya kunyolewa, utanyolewa hukohuko.

Kijiwe Nongwa:
Na nani?